Rula, na neno la kuuliza

Mushasha, Jumanne

Nimempiga mwanafunzi wangu Odeta, na mimi mwenyewe ndiye niliyemchokoza aulize.

Nilikuwa nafundisha neno la Kiingereza, "curious". Nikajigamba kwamba limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kutunza, kwa hiyo anayeuliza ni anayejali. Odeta akasimama, mikono nyuma, akauliza yule baba yangu, niliyewahi kuwasimulia kwamba alinirudisha nyumbani kutoka ukimbizini Tanzania, yuko wapi.

Rula ya mbao ikampasua mdomo. Nikapiga tena mpaka ikavunjika. Baba aliuawa kwa mapanga kwetu Gasorwe na jirani aliyekuwa amelikalia shamba letu tulipokuwa ukimbizini. Hata mke wangu sijamwambia.

Odeta hakulia. Alijifuta damu, akakitazama kiganja changu kilichochanwa na rula.

"Mwalimu, mkono yako inatoka damu. Inauma?"