Muulize Mama Mara Mbili

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Pokea salamu zetu tele. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na huyo binti yenu, ambaye shangazi yake anamjua kwa picha tu, meno yameshatoka? Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha Mama chenye mguu mfupi, kile ulichokiwekea kipande cha ubao chini ulipokuwa mdogo. Ubao bado upo. Shemeji yako yuko sebuleni na redio yake, watoto wametoka kucheza mpira, na Mama amejilaza kidogo baada ya chakula. Hapa kwa kawaida ningeandika kwamba sisi sote wazima wa afya, halafu niingie kwenye habari. Leo maneno hayo nimeyaruka makusudi, na utaona kwa nini.

Lakini kwanza usishtuke: Mama anakuja. Tiketi uliyotuma iko salama na pasi yake imetoka, ingawa kwenye picha amenuna kama mteja aliyeshonewa gauni la kubana. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Uliandika tumkatie bima ya safari. Nilipomfikishia ujumbe, Mama hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Nimeshajikatia," akasema. "Kwenye lile shuka la zamani. Bado pindo tu."

Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakageuka kuwa ya kweli. Unakumbuka, Kifungo? Baba alipopata kazi za kupaka rangi miji ya mbali, Mama alimshonea kifuko ndani ya suruali, hapa kiunoni, kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, akamtilia nauli ya kurudia. Baba alikuwa akijipigapiga kiuno pale mlangoni na kusema, "Bima ninayo, mke wangu. Hata nikiibiwa begi nitarudi." Na kweli aliibiwa begi, na kweli akarudi, hana hata brashi moja. Tangu hapo hakuna mtu aliyetoka nyumba hii bila bima. Yangu ya shule ya bweni ilikuwa ya maua makubwa, nikawa naona haya kuvua sketi mbele ya wenzangu. Yako ya siku ile unaondoka ilikatwa kwenye pazia la njano la chumba hiki, na mpaka leo pazia ni fupi upande mmoja. Jua la asubuhi huingia pale chini na kunipiga miguuni, na kila likinipiga nakukumbuka.

Nyumba hii ilikuwa na kelele enzi zile. Cherehani huku, Baba anaimba vibaya kule, mimi niko chini ya meza naokota pini, ndiyo maana nikapata jina la Pini, na wewe una kifungo mdomoni, Mama anapiga kelele ukiteme. Watu wa nje wakisikia tunakuita Kifungo walidhani umezaliwa gerezani. Siku hizi hapa pametulia mno. Ningepewa nafasi ya kurudishiwa siku moja tu ya zamani, ningechagua ya kawaida kabisa, hata ya mvua.

Basi turudi kwenye bima ya karatasi. Shemeji yako aliipinga tangu mwanzo. Kwake bima ni kulipia ugonjwa usioumwa. "Mama yuko ngangari," alisema, "anakanyaga cherehani kutwa nzima. Mnamlipia nini?" Nami, nikwambie ukweli, nilikuwa karibu kukubaliana naye. Kulikuwa na ile ya bei ya chini inayouzwa pamoja na tiketi. Inalipa begi likipotea na ndege ikichelewa, nikaona yatosha. Kilichonizuia ni kwamba niliisoma yote na sikuona popote neno hospitali. Nikajiuliza, Mama akiteguka mguu kwenye ngazi zenu huko, gharama itamwangukia nani? Nikakuona wewe na wifi na mtoto, nikaifunga ile karatasi.

Nikampeleka Mama kwa wakala wa bima, ofisi iko juu ya duka la viatu, ngazi zake nyembamba na ndefu. Mama alisimama njiani zaidi ya mara moja, eti anaangalia mshono wa pazia la dirishani. Nikamwamini, maana unamjua na mishono ya watu. Wakala ni mwanamke wa rika langu, mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba. Mama kabla hajakaa alikuwa ameshaona kwamba kifungo cha mkono wa kushoto wa blauzi ya mwenyeji wetu kimelegea.

Yule dada akafungua faili. "Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu."

"Afya yako?"

"Njema, namshukuru Mungu."

"Hakuna kinachokusumbua?"

"Hakuna kabisa. Za kwenu?"

Yule dada akaweka kalamu chini, akatabasamu. "Mama, hizo zilikuwa salamu, na umeniitikia vizuri. Sasa nakuuliza tena, maana hili la pili ndilo ninaloliandika. Mwilini unaumwa nini?"

Mama akanitazama, akatazama mlango, akatazama kile kifungo kilicholegea. Halafu akaingiza mkono ndani ya sketi, hapa kiunoni, akatoa pakiti ya vidonge na kuiweka juu ya meza. Kumbe hakuwa akingoja safari ndipo avae bima. Alikuwa anayo ya siku zote, na ndani yake mlikuwa na dawa za moyo.

Za moyo, Kifungo. Anazimeza muda mrefu sasa. Zile safari zake za kwenda kununua uzi, anarudi mikono mitupu na kulalamika kwamba rangi anayoitaka hawana, zilikuwa safari za kliniki. Nami nilikuwa nikimhurumia kwa kukosa uzi! Nilikaa pale ofisini mbele ya mtu nisiyemjua nikijifunza habari za mama yangu mwenyewe, na nilijisikia vibaya kiasi ambacho siwezi kukueleza.

Njia nzima Mama alinitangulia. Tulipofika getini ndipo akatamka: "Umeniharibia safari. Watanizuia, na nitakufa sijamshika mtoto wa Kifungo." Akaingia ndani akaanza kukanyaga cherehani ambayo haikuwa hata na uzi. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini alificha. Hakuogopa moyo wake. Aliogopa kwamba ukijua utasema asije.

Shemeji yako, mtu mwema ila ulimi wake hauna breki, akaja na ufumbuzi. Twende kwa wakala mwingine, Mama ajibu sijambo, tumkatie ile ya bei ya chini, kwisha kazi. "Nani atapekua kiuno cha mama mkwe wangu?" Mama akasimamisha cherehani, na nikaona uso wake umechangamka. Nilijua nikinyamaza hapo mambo yamekwisha.

Nikashindwa kunyamaza. Nilimkumbuka Baba katika zile siku zake za mwisho. Kila aliyeingia chumbani alimjulia hali, na kila mmoja alijibiwa sijambo. Wewe ulipiga simu ukajibiwa sijambo. Tukaridhika wote, kwa kuwa ndivyo inavyoitikiwa. Nilimwambia Mama kwamba akianguka kule ugenini, wale wa bima watauliza kwa nini hakusema, na mwanawe atabaki amesimama hospitalini hajui hata dawa anazotumia. Nilisema hayo huku nalia, mtu mzima na watoto wangu wanachungulia mlangoni.

Mama akachukua ile bima mpya ya shuka, akaigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye pindo lote kama anavyofanya kabla ya kumkabidhi mteja nguo. Akachukua muda wake. Kisha akasema, "Mfuko wenye tundu sijawahi kumshonea mtu. Twende kwa yule wa miwani."

Tulipitia kwanza kwa daktari wake, ambaye kumbe ananijua mimi na wewe na mambo yetu yote ya utotoni. Amesema Mama anaweza kupanda ndege, ila awe anainuka na kutembea kidogo humo ndani, dawa zikae mkononi zisiwekwe kwenye mzigo, na asibebe kitu kizito. Ameyaandika na kupiga mhuri. Ndipo yule dada akamkatia bima inayoutaja moyo kwa jina lake: kulazwa, dawa, hata kurudishwa nyumbani na muuguzi kama italazimu. Bei imepanda, sikufichi, na shemeji yako bado anaguna. Mama alitaka aandikwe Mama Fundi kwa sababu ndivyo kila mtu anavyomjua, tukabishana kidogo, mwishowe limeandikwa jina lililo kwenye pasi. Bima inaanza siku anayotoka hapa na inapita kidogo siku ya kurudi, maana nakujua, utamng'ang'ania. Tulipokuwa tukitoka, Mama akamwomba yule dada mkono, akakikaza kile kifungo palepale kwa sindano aliyokuwa nayo kifuani.

Nakala yako nimeiweka humu. Namba yao ya simu iko juu kabisa, ibandike mahali wifi pia ataiona. Ikitokea jambo, mpelekeni hospitali kwanza, halafu wapigieni simu hapohapo, msingoje arudi nyumbani. Karatasi yenyewe Mama ameikunja na kuitia kwenye ile bima ya shuka, pamoja na vidonge. Bima ndani ya bima. Baba angecheka mpaka brashi imdondoke.

Ombi langu kwako ni moja. Ukimpokea, usimgombeze, na usimwambie kwamba ungejua ungemzuia. Muulize hali. Atakujibu sijambo, naye atakuwa amesimama wima kweli na mkoba begani kama msichana. Iitikie, kwa kuwa ni salamu. Mpe mtoto amshike. Halafu mkishakaa, muulize tena.

Wifi mpe mkono wangu, na mtoto mbusu mashavu yote mawili. Shemeji yako anakusalimu na anadai ile bima ni wazo lake. Wapwa zako, ambao tangu binti yenu azaliwe wanajiita wajomba zake ingawa ni binamu zake, wanataka picha ya theluji kama ipo. Mama ameamka, namsikia anatafuta miwani ambayo iko kichwani. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, aitie baraka nyumba yenu, na atukutanishe siku moja meza moja, na kelele kama zamani.

Nimalizie na lako. Barua zako zote zinaanza na "mimi mzima wa afya". Kwenye simu ya mwisho ulikuwa ukicheka kila ukimaliza kusema, kama Baba alivyokuwa akicheka akiwa na jambo moyoni. Mwanzo wa barua hii nimekuuliza hujambo, na jibu lako nalijua hata kabla hujaandika. Ile ilikuwa salamu.

Sasa nakuuliza tena, mdogo wangu. Hujambo?

Dada yako anayekupenda na anayengoja jibu,
Pini