Sahihi Yako Niliyoiweka Mimi

Kwa Baba yangu mpendwa,

Hamjambo huko nyumbani? Mguu ulioungua na mvuke wa boila umepona, au bado unavaa kiatu kimoja kwenda kiwandani? Na Mama, bado anachuma chai hata mvua ikinyesha? Mimi na Shangazi tuko salama huku Amerika, ila mimi nina jambo. Barua hii unaletewa na mama wa kanisa letu anayekuja kwao Kaplong. Tafadhali isome yote kabla hujanipigia simu.

Nilikwambia nimeingia darasa la juu la historia ya Amerika, lakini sikukwambia masharti yake. Siku ya kwanza mwalimu wetu, Bi. Nolan, alitugawia karatasi. Kila jioni ni sura nzima ya kitabu. Ukiandika insha, kila unachodai uonyeshe umekitoa wapi. Ukinakili, unafukuzwa darasani. Na lazima uongee, hata kumpinga mwalimu. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi. Shangazi alikuwa kwenye zamu kwa wazee anaowatunza, na karatasi ilitakiwa kesho yake. Nikaandika jina lako, Baba, nikaiga mpaka ule mkia unaouvuta mwishoni.

Kusoma niliweza. Kuongea ndiko kulikonishinda. Huko kwetu mwalimu akisema, unanyamaza. Huku ukinyamaza wanaona hujui kitu. Sikufungua mdomo hata siku moja. Halafu nikaandika insha kuhusu wenyeji wa Amerika na mikataba iliyowaondoa kwenye ardhi yao. Jumatatu Bi. Nolan akanibakisha baada ya kipindi.

"Hii amekuandikia nani?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Wewe ambaye hujawahi kusema neno hapa?"

Akaniambia kesho yake nisimame mbele ya wenzangu niitetee. Nikishindwa, nitoke darasani kwake, na kesi iende kwa mkuu wa shule.

Baba, nilisimama na insha mkononi. Mvulana mmoja akauliza, "Lakini wale wazee wa wenyeji walitia alama kwenye mkataba. Si walikubali?" Nikamkumbuka Babu wa Merigi, baba yake Mama, akitusimulia vile watu wa ukoo wake walivyohamishwa ili chai ipandwe. Sauti ikatoka, sijui wapi. "Kama karatasi hukuisoma wala hukusomewa," nikamwambia, "alama yako si kukubali." Nikafungua nakala ya mkataba nikawapitisha mstari kwa mstari. Bi. Nolan alinipinga mara mbili, na mimi nikampinga. Kipindi kilipoisha akasema, "Insha ni yake."

Nilidhani yamekwisha. Wenzangu walipotoka, akatoa ile karatasi ya masharti.

"Baba yako yuko Kenya. Alisaini hii lini?"

Ningeweza kudanganya tena.

"Nilisaini mimi."

Akaiweka mezani mbele yangu, akasema polepole, "Kwa hivyo umeweka alama yake kwenye karatasi ambayo hajaisoma."

Nililia pale pale.

Sasa nabaki shuleni kila jioni kwa wiki mbili, nikipanga vitabu maktabani. Tena anataka karatasi mpya, iliyosainiwa na mzazi wangu mwenyewe. Ikikosekana, muhula ujao narudi darasa la kawaida. Shangazi alitaka kusaini yeye amalize maneno. Nikamkatalia.

Karatasi imo humu, na masharti yote nimeyaandika upya kwa Kiswahili. Usisaini kwa kunihurumia. Yasome na Mama. Kama kuna sharti hulitaki, lipige mstari, nami nitamwambia Bi. Nolan vile ulivyosema. Na ukiona sistahili darasa hilo, irudishe bila sahihi. Yule mama ataibeba akirudi.

Nisalimie Mama, mwambie nampenda. Wasalimie Babu wa Merigi, mdogo wangu Otieno (aache kuruka somo la hesabu), na jirani yetu Mama Wanjiru wa duka la mboga, aliyenifumia sweta ninayovaa sasa.

Nisamehe, Baba.

Ni mimi binti yako,
Achieng