Ukungu kwenye karo za mama

Jumapili jioni, Kimanga. Mvua inanyesha tangu tulipotoka kanisani, na ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nguo nilizoanika jana bado mbichi. Moyo wangu nao haujakauka.

Leo naandika juu ya dushi, bafu letu. Anayetafuta mambo makubwa asome kwingine.

Tangu mama atutoke napigana na ukungu mweusi ulioshika ile mistari ya simenti nyeupe katikati ya karo, vile vigae vya ukutani. Nimeusugua kwa mswaki wa zamani na maji ya javeli, yale ya kung'arishia nguo nyeupe. Nimeupaka bikarbonati ya maandazi niliyoikoroga nzito kama uji wa mtoto, nikaiacha ishike, nikasuuza. Siku moja nilitaka kuchanganya javeli na siki, nikidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Jirani yangu Mapendo akanipigia kelele kutoka uani kwamba ule mchanganyiko unakata pumzi, nikaacha. Kila mara mistari inarudi myeupe, nafurahi, nafunga mlango. Juma halijaisha, weusi umerudi palepale pembeni kama vile sikuugusa.

Kusema kweli, najua kwa nini unarudi. Nimejua siku zote.

Mama aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni miaka yote ya utoto wetu. Karo hizi alizinunua Bujumbura kidogo kidogo, akizivusha mpakani huku amezipakata asije mtu akazikalia. Ni nyeupe, zina ua dogo la buluu. Mgeni akifika kwetu alionyeshwa dushi kabla hajapewa hata maji ya kunywa. Na ole wako uoge utoke ukiacha kuta zinachuruzika: ulirudishwa, hata kama umeshavaa nguo za shule. Ilikuwa lazima kupangusa kwa kitambaa kikavu, juu mpaka chini, kisha kuacha mlango wazi. Kaka zangu walikuwa wakisema karo zinapendwa kuliko sisi. Lakini ukungu hatukuujua.

Kisha akaugua.

Dushi letu halina dirisha. Juu, karibu na bati, kuna matofali ya matundu, na asubuhi upepo wa milimani unashukia hapo. Mama alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Nikachukua kikwembe chake, kitenge cha kijani chenye ndege, nikakikunja, nikaziba matundu yote. Nikachemsha maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Mara ya kwanza aliona haya, akanipa mgongo na kutazama ukuta. Mimi pia niliona haya. Kuuosha mwili uliokuzaa si jambo dogo.

Halafu tukazoea. Mvuke ulijaa mpaka hatuonani vizuri, na labda ndiyo sababu aliweza kunisimulia mambo ambayo hajapata kumwambia mtu. Nilijua juu ya kijana mmoja mwenye ng'ombe, wa kule Rurambo, ambaye nusura amwoe kabla ya baba. Alisema kama angemkubali, mimi ningekuwa nimenenepa kwa maziwa. Tulicheka mpaka maji yakapoa, nikaenda kuchemsha mengine.

Ukungu ulianza siku hizo. Vidoa vidogo tu pembeni, kama vile mtu amemwaga pilipili manga. Nilisikia aibu kwa ajili yake, yeye ambaye hakuvumilia hata tone. Lakini alitazama akacheka.

"Ona, karo yangu iko inaota ndevu. Iache, nayo imezeeka."

Sikupangusa kuta. Nilikuwa na mtu wa kupangusa.

Siku ya kumaliza matanga, wakubwa wa familia waligawa vitu vyake, kama ilivyo desturi. Vikwembe vilikwenda kwa dada zake na kwa wake za kaka zangu, masufuria kwa wajukuu walioolewa. Nilipoulizwa mimi nachukua nini, nikasema wengine watangulie. Watu wakanisifu kwamba nina moyo mzuri. Kumbe changu kilikuwa kule juu kwenye matundu, na hakuna aliyekikumbuka.

Basi ndiyo hiyo siri ya ukungu wangu. Dushi halipumui. Nasugua, nafunga, nasugua tena, ilimradi nisikiguse kile kikwembe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ijumaa alifika Mama mdogo Sifa, mdogo wake mama, kutoka Katogota. Kifua kinamsumbua na kule alikuwa analima peke yake, kwa hiyo tulikubaliana akae kwangu awe karibu na daktari. Niliingoja siku hiyo kwa hamu. Ana sauti ya mama. Hata kupiga chafya wanapiga sawasawa. Jana alioga mara yake ya kwanza, akatoka anakohoa mpaka akashika meza asianguke.

"Minye sirudi tena mule," alisema alipopata pumzi. "Mule hewa iko nzito. Matanga mulimalizia mu salon ya wageni, weye mutoto. Mu dushi hamukufika."

Nikamwambia ni ukungu tu, nitausugua kesho.

"Na ile kikwembe iko inafanya nini kule juu?"

"Iko inazuia baridi, Mama mudogo."

Alinitazama kwa upole ulioniuma kuliko matusi.

"Baridi ya nani?"

Akaingia chumbani, nikamsikia anafunga mfuko wake. Alisema heri arudi Katogota akaoge uani, angalau kule kifua chake kinapata hewa. Na mimi najua akirudi na kile kikohozi, safari ijayo tutamfuata sisi, na nguo nyeusi. Nilimwomba angoje leo ipite.

Leo baada ya ibada nilipanda juu ya kiti cha plastiki, kilekile, nikavuta.

Kilikuwa kizito kwa maji. Miezi yote hii nilijiambia kwamba ndani ya mikunjo nitakuta harufu yake, sabuni yake na ule moshi wa ndagala ambao haukumtoka hata Jumapili. Niliweka uso wangu pale. Kilinuka ukungu, basi. Kisha kikararuka mikononi mwangu, ndege wakakatika vipande. Nimelia nikiwa juu ya kiti, mvua ikinipiga usoni kupitia yale matundu. Nilidhani nimemhifadhi mama, na nilikuwa nimemwacha aoze.

Mama mdogo hakunibembeleza. Alinipa mswaki.

Tumefanya kazi mchana kutwa, mlango wazi, yeye akikaa nje na kuelekeza. Simenti iliyooza nimeikwangua kwa msumari. Nimepaka javeli, nimengoja, nimesuuza mpaka maji yakawa meupe. Simenti mpya nitaijaza kuta zikikauka kabisa, maana juu ya unyevu haishiki, na kwa mvua hii sijui zitakauka lini. Pembe moja imebaki na kivuli kisichotoka. Nimekiacha.

Nilipokuwa nasugua, Mama mdogo aliokota kikwembe, akakata kipande kilichobaki kizima, akakifua kwa sabuni na kukikausha juu ya mbabula. Sikumwuliza cha nini.

Jioni alioga. Alilalamika tangu mwanzo hadi mwisho, kwamba baridi iko mingi, kwamba nataka kumwua, lakini hakukohoa. Kisha akaweka kopo chini. Nikasikia kitambaa kikipita ukutani, juu mpaka chini, juu mpaka chini, bila haraka. Kule Katogota hakuna karo. Nadhani siku moja alikuja kututembelea, na mama akamrudisha dushini kama alivyokuwa akiturudisha sisi.

Nilikaa kando ya mbabula nikalia kwa sauti. Alinisikia, najua. Aliendelea kupangusa.

Sasa mlango wa dushi uko wazi na upepo unafika mpaka hapa ninapoandika. Mfuko wa Mama mdogo umerudi chini ya kitanda. Mimi nimejifunika shuka mabegani, na nalirudia lile swali lake.

Baridi ya nani?

Ni yangu, Mama mdogo. Kesho nitaoga nayo.