Mjomba, Mama Amefua Picha Zako

Mjomba,

Picha zako zimefuliwa. Nimekaa hapa karakanani kwako tangu asubuhi natafuta namna nyingine ya kulisema jambo hili, sijaipata. Zimefuliwa kwa sabuni ya mche, zikakamuliwa, zikaanikwa kwenye kamba nyuma ya nyumba ya Mama. Picha kumi. Ile ya kumi na moja imepona kwa sababu ilikuwa Chinongwe.

Ngoja nikueleze taratibu, maana hata mimi kichwa hakijatulia.

Ulipofariki ghafla vile, asubuhi, jiwe la kusagia rangi likiwa bado mkononi, nilidhani hakuna kitakachonishtua tena. Siku za matanga nilikuwa nikiingia humu, nikiona brashi zako zimesimama kwenye kopo, natoka. Lakini maonyesho ya Dar es Salaam uliyoyangoja miaka yote hayakufutwa. Yule dada anayeyasimamia alileta salamu za pole, akasema picha kumi na moja za miti iliyokatwa ziende kama ulivyoahidi, nami niende nazo nizisemee. Kumi zilikuwa humu. Moja ulikuwa umeiazimisha shule ya Chinongwe, ikatundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Basi zikiwa zimebaki siku chache kufika arobaini, nikachukua baiskeli niifuate. Kabla ya kuondoka nililitoa humu sanduku lako la bati, nikampelekea Mama pamoja na ufunguo wake. Unajua desturi yetu: nguo za marehemu zifuliwe, zikunjwe, ndipo zigawiwe ndugu siku ya arobaini, na wa kuzifua ni dada yake. Nikamwambia nguo zote za Mjomba zimo mle. Hayo ndiyo maneno yangu. Niliyasema mwenyewe, mguu mmoja uko kwenye pedali.

Sikuzikumbuka picha! Ulizificha chini ya kanzu zako kwa kuogopa mchwa, zimekunjwa kama mashuka, na mimi nilizoea mno kuziona mle hata nikadhani kila mtu anajua. Mama angejuaje? Mama hajakanyaga humu tangu bata wake wafe.

Wale bata, Mjomba. Enzi zile ulikuwa ukichora mabango ya maduka kwa rangi za kopo, unaosha brashi kwa petroli, unamwaga mtaroni bila kufikiri. Bata wa Mama wakanywa. Aliwapanga wote sita mlangoni kwako, vichwa upande mmoja, akasema, "Humu ndani siingii tena, kaka, hata uniite kwa ngoma." Mlisalimiana, mlikula pamoja, alikufulia kila wiki, lakini mlango huu hakuuvuka. Na wewe ulishikwa na aibu ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu mzima. Rangi za kopo ukaziacha siku ile ile. Ukaanza kuchimba: udongo mwekundu wa Chinongwe, wa njano wa njia ya Nkowe, lile jiwe jeusi la Ruangwa linalochafua vidole, na mkaa kutoka kwenye matanuri yale yale yaliyomaliza miti uliyokuwa ukiichora. Utomvu ulioganda kwenye mikorosho tuliuloweka ukawa gundi. Mimi nikawa nasaga, wewe unachora kwenye kitambaa kizito cheupe cha marekani.

Nami nilikwambia. Nilikwambia mara ngapi kwamba gundi hii ikiguswa na maji inaachia, tutafute kitu cha kupaka juu? Ukanijibu, "Somoe, picha si sufuria. Nani atailowesha?" Mbishi wewe! Leo ningekuwa na mtu wa kugombana naye, ningegombana na wewe.

Nilirudi kesho yake mchana, picha ya Chinongwe nimeifunga nyuma ya baiskeli. Nikiwa barabarani nikaona kamba ya Mama imejaa vitambaa vyeupe. Nikafurahi, nikasema moyoni kazi ya arobaini inakwenda vizuri. Nilishuka, nikaegemeza baiskeli, ndipo nikaona pindo la kitambaa kimoja lina wekundu uliofifia, upana wa kidole. Nikalijua pindo lile. Nilikuwa nimelikunja mwenyewe kwa sindano. Nikaanza kuhesabu, nikahesabu tena, kana kwamba kuhesabu kungeniletea jibu lingine.

Mama alitoka jikoni, viganja vimechunika kwa sabuni, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. "Mwanangu, kaka yangu alikuwa mchafu huyu! Mashuka yana matope mpaka yanasimama yenyewe. Nimeyaloweka hivyo hivyo yalivyokunjwa. Maji mekundu, namwaga. Maji meusi, namwaga. Haya, tazama sasa!"

Nilitazama. Ule mninga wa njiapanda, uliouchora siku tatu umekaa juu ya kisiki chake, haupo. Mpingo wa Nkowe haupo. Nikakaa chini pale pale kwenye maji ya povu. Mama akadhani nimeona nguo zako nikashikwa na uchungu, akanikumbatia, akalia na yeye. Nilitaka kusema. Badala yake nikainuka, nikamsaidia kuanua.

Siku ya arobaini ziligawiwa. Naona haya kukuandikia. Shehe alisoma dua, watu wakala pilau, kisha ndugu wakaitwa mmoja mmoja. Binamu yako wa Ruangwa alipata kanzu na "shuka" mbili, akazisifia kwamba marekani siku hizi haina uzito kama ule. Mwingine nasikia ameshashona foronya. Mimi nilipewa tatu, nikapokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante.

Nikaenda posta kumpigia simu yule dada, nimwambie hakuna kitu, afute jina lako. Akaniuliza, "Si ulikuwa ukimsaidia? Mkono wake unaujua. Zichore upya, nani atajua?" Nikakata simu kwa hasira. Jioni hiyo hiyo nikaanza kusaga rangi.

Usinitazame hivyo. Miaka kumi na miwili nimekaa nyuma ya bega lako. Nilitandaza kitambaa kimoja kati ya vile vitatu, nikauchora ule mninga, na hapo ndipo niliposhtuka kuliko hata pale kwenye kamba. Ulikuja wote. Tawi lililovunjika kushoto, ile namna yako ya kuvuta mkaa kwa ubavu wa kidole, hata kosa lako la kuufanya mzizi mmoja mnene kupita kiasi. Mkono ulikwenda bila mimi. Nikateremka mpaka kona ya chini nikaandika "Selemani", na herufi zikawa zako. Niliogopa, Mjomba. Nikaona naweza kuendelea hivyo miaka yote, na wewe usife.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naosha brashi uani. Kurudi ndani, namkuta Mama. Amesimama katikati ya karakana, kandambili zake ameziacha mlangoni kana kwamba ameingia msikitini. Alikuwa amekuja kuniita ninywe chai, akaiona picha kutoka mlangoni. Anaitazama picha. Akainyooshea kidole bila kuigusa, akasema pole pole, "Kumbe kaka yangu ndiyo alikuwa anafanya hivi? Huu si ule mti wa njiapanda? Tulikuwa tunapumzika pale na mama yetu tukitoka shamba." Uso wake ulikuwa na furaha, Mjomba, furaha ya mtu aliyeletewa ndugu yake mlangoni.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na kila sababu. Nikinyamaza, wewe una picha zako, Dar wana maonyesho yao, na Mama hajui kitu mpaka anaingia kaburini. Lakini alikuwa anaisoma ile kona ya chini, jina lako, polepole kama alivyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa kazi ambayo si yako. Nikasema, "Mama, hii nimechora mimi." Akaniuliza, "Za kwake ziko wapi?"

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Aliangalia viganja vyake, mbele na nyuma. Kisha akasema, "Nilizikamua." Akarudia, "Somoe, nilizikamua kwa nguvu zangu zote." Akakaa kwenye kigoda chako, na mimi nikakaa chini, na chai ikapoa huko nyumbani. Nilimwambia kosa ni langu, ufunguo niliutoa mimi. Hata hakunisikia. Baadaye akaomba nimwonyeshe ile ya Chinongwe. Akaitazama mpaka jua likaingia dirishani.

Nimelifuta jina lako kwenye ule mninga. Gundi yako kweli inaachia, tone moja tu la maji lilitosha. Nimeandika langu. Kama yule dada hataki mninga wa Somoe, basi ukuta wake ubaki na picha moja. Mama nilimwambia nitasema picha nyingine ziliharibika kwa mvua, watu wasimseme. Akanikatalia kwa ukali ambao sijausikia tangu siku ya bata. Amefunga kanga zake kwenye furushi. Anasafiri na mimi kesho, yeye ambaye hajavuka Lindi, na picha yako anasema ataipakata njia nzima, hataiweka juu ya basi. Ukutani atasimama pembeni yake. "Wakiuliza nyingine ziko wapi," amesema, "usijibu wewe. Nitajibu mimi dada yake."

Lala, Mjomba. Nakuahidi moja tu: jina lako sitaliandika tena mahali ambapo mkono wako haukupita. Mama ananiita, anataka nimsaidie kutafuta kitambaa kikavu cha kuifungia.

Mpwa wako,
Somoe