Stempu ya Vifaranga

Nafula mjukuu wangu,

Huku Mundika tuko wazima. Nyanya yako anavuna njugu na kunikemea kwa zamu. Mimi bado ndiye mzee mwenye bahati kuliko wote: miaka yote niliyopitisha mizigo ya watu mpakani Malaba, sikukwama forodhani hata siku moja.

Umeniuliza kama kompyuta zilituharibia kazi. Wiki ile forodha ilipoanza kupokea karatasi kwa kompyuta, nilikuwa na lori la vifaranga wa siku moja wa kwenda Tororo, ng'ambo ya Uganda. Jua kali, na kifaranga hangoji. Ofisi yetu ya uwakala ilikuwa imeshatuma kila kitu kwa kompyuta, lakini mimi nikashika faili.

"Kaa kivulini," nikamwambia dereva, Mama Akinyi. "Hawa maofisa ni watu wangu."

Kwa dirisha la kugongewa stempu nilikuwa peke yangu. Nikasimama kwa raha zangu mpaka saa sita, ofisa mmoja akapita.

"Mzee, unangoja nini?"

"Stempu, dada."

"Stempu zilikomeshwa wiki jana, sasa ni kompyuta tu. Lori lako liliruhusiwa saa mbili."

Nje nikakuta kivuli tu. Nikampigia Mama Akinyi, nikasikia vifaranga wakilia kwa afya.

"Boss, tuko Tororo. Ujumbe uliingia kwa simu yangu. Nilidhani unakunywa chai na watu wako."

Nilicheka mpaka nikakalia faili. Hakufa hata mmoja. Kompyuta haikuniharibia kazi, Nafula. Ilinionyesha tu kwamba nusu ya kazi yangu ilikuwa kusimama.

Na ile bahati ya kutokwama ni uongo. Nilikwama karibu kila wiki.

Babu yako