Meli Yangu Haipigani

Jumapili, 5 Novemba 1978
Ulanzi wa kwanza wa msimu. Mianzi imeanza kutoa pombe vizuri. Kilabu kimejaa, watu wamekaa mpaka juu ya kuni. Nimesimulia meli ya nyota, ile inayosafiri angani, tangu saa tisa mpaka ng'ombe wanarudi. Hakuna aliyesinzia. Hajazaliwa mtu wa kusinzia mimi nikisimulia. Mwaka ule Rujewa hata ng'ombe wa wale wafugaji waliotoka kaskazini waliacha kucheua. Niliwaona kwa macho yangu.

Igowole nzima ni mimi tu niliyeona televisheni. Kitwe huko ng'ambo ya mpaka, nikiwa mgodini, ndiko nilikoiona na meli yenyewe. Wengine wanajisifu wana redio. Redio! Sauti tu, kama mtu yuko chooni.

Leo meli imekutana na watu wa macho matatu. Wamekuja juu, wanataka ugomvi. Nahodha akawauliza, ndugu, mna shida gani? Kumbe wana kiu. Wakapewa maji. Makofi.

Fundi wa mitambo wa meli ni Festo, mtoto wa dada yangu Anjelina. Nilimpandisha mimi, alipokuwa mdogo, alilia anataka kwenda. Sasa ni mwanamume, mgambo huko Mbeya, lakini kilabuni bado wanamwita Fundi.

Jumatano, 15 Novemba
Mbeya. Nimelala mtaa wa Soweto, chumbani kwa Festo, na dada. Nduli kavamia Kagera, vijana wanapelekwa vitani. Nimempa Festo moyo. Nimemweleza nilivyopigana na simba watatu kwa mikono mitupu.
"Mjomba, mwaka jana walikuwa wawili."
Mtoto hana adabu. Nampenda.
Dada kampa mahindi ya kuchoma kwenye kitambaa. Lori likaondoka. Dada hakulia. Mimi vumbi liliniingia machoni. Mvua ilikuwa inanyesha, ndiyo, lakini vumbi lilikuwepo.

Jumapili, 10 Desemba
Siku mbaya.
Watu hawataki tena habari za kiu. Zakaria, balozi wetu wa nyumba kumi, kasimama na ulanzi wake: "Mjomba, meli gani hiyo inagawa maji kwa maadui? Ipigane!" Kilabu kizima: ipigane! Nimekataa. Wakaanza kutoka, wanakwenda dukani kwenye redio. Nikaiona migongo yao. Sijazoea kuona migongo.

Basi nikaipiganisha. Meli ikatema moto, nyota tatu zikaungua na watu wake. Kelele mpaka bati likalia. Sijawahi kushangiliwa namna ile, na mimi nimeshangiliwa sana.

Zakaria akauliza, na upande wetu kafa nani? Vita gani isiyoua mtu? Mlevi mmoja huko nyuma akajibu, Fundi. Si ndiye anakaa kwenye mitambo? Moto ungeanzia kwake.

Dada alikuwa mlangoni anauza karanga. Kanyanyua ungo wake, katoka. Hakuniangalia.

Jumatatu, 11 Desemba
Nimekwenda kwa dada. Hakunipa kiti.
"Kaka, vita ya redioni siwezi kuizuia. Hii ya mdomoni mwako je?"
Nimeondoka bila kusimulia hata kisa kimoja. Mimi!

Nimewaza njia nzima. Kule Kitwe klabu yenye televisheni ilikuwa ya wakubwa wa mgodi. Sisi tulisimama uani, tunachungulia dirishani. Humo klabuni mtu mweusi ni yule wa kubeba sinia. Lakini ndani ya sanduku, kwenye meli, mtu mweusi kaketi meza moja na wenzake wa kila rangi, na nahodha anamuuliza shauri. Miguu ilikufa ganzi kwa kusimama, sikuondoka. Hicho ndicho nilichotoka nacho Kitwe. Sikutoka na bunduki. Bunduki hata Igowole zipo.

Jumapili, 17 Desemba
Nimesimama katikati ya kilabu. Nimesema, Jumapili iliyopita meli haikupiga. Nahodha aliota. Nyota zote nzima, watu wake wanalima.

Wakanizomea. Zakaria kasema nafundisha watu woga na nchi iko vitani, atanipeleka kwa katibu wa chama. Nikamwambia nipeleke, na katibu nitamsimulia. Nduli apigwe, sikatai, mtoto wetu yuko huko huko anampiga. Lakini akirudi atafikia wapi, kama hata hadithi tumezichoma?

Wametoka wote. Kabaki mama mwenye kilabu na yule mlevi, amelala. Huyo simhesabu. Alilala kabla sijaanza.
Sibadilishi.

Alhamisi, 8 Februari 1979
Festo kimya. Hakuna habari yoyote.
Dada kaja kilabuni leo. Kakaa mbele kabisa, ungo magotini. Nimesema meli imeharibika, Fundi yuko ndani anaitengeneza, mikono imejaa mafuta, anatafuna mahindi. Dada akauliza, ya kuchemsha au ya kuchoma? Ya kuchoma. Akaridhika. Meli nzima imesimama, inamsubiri.
Zakaria alikuwa dirishani, anajifanya anapita.

Jumamosi, 15 Septemba 1979
Festo yuko nyumbani tangu juzi. Mzima. Mikono yote, miguu yote. Ila halali. Dada anasema anakaa macho mpaka kunakucha. Zakaria na wenzake walikuja kusikia vita. Akawaambia, "Kulikuwa na matope." Basi.

Leo mchana tulikaa jikoni kwa dada baada ya kula. Baridi, moto mdogo. Festo kaniuliza, "Mjomba, meli imeshapiga mtu?"
Nikamwambia bado.
"Basi endelea."

Nikaanzia kwa wale wenye kiu. Sijafika kwenye maji, kichwa chake kikaangukia begani kwangu. Mtu wa kwanza kusinzia nikisimulia, tangu nizaliwe. Nikataka kunyamaza. Dada akanipungia mkono, nisinyamaze.

Nikashusha sauti. Nimesimulia mpaka ng'ombe wanarudi. Bega lilikufa ganzi. Sikulisogeza.