Bahasha Ambayo Sikuifungua

Nguvumali, Tanga

Zakaria, rafiki yangu,

Anwani yangu nimeiandika mahali pake, kama nilivyowafundisha watoto kwa miaka yote ile. Bahasha ndiyo iliyonishinda. Nimeigeuza mbele na nyuma, sijui niiandike nini juu yake, nikaiweka pembeni ili kwanza niseme ninachotaka kusema.

Kesi ya makato ya benki imekwisha. Tumeshindwa, isipokuwa kwa kiasi kidogo nitakachokieleza. Sababu ya kushindwa ni mimi.

Naomba nieleze kwa mpangilio. Sehemu ya kwanza unaijua, lakini sikuwahi kuitamka mbele yako ulipokuwa hai, na ni haki yako uisikie kutoka kwangu.

Unaikumbuka siku jumuiya ilipokutana nyumbani kwako. Ilikuwa zamu yako. Mama Neema alikuwa amepika maandazi na chai ya mchaichai. Tulikula, Zakaria. Tulikula kwanza, kisha nikasimama, mimi katibu wa chama chetu cha kuzikana, nikafungua daftari. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumemzika mjukuu wa Mama Stefano. Wewe na mimi tulikwenda benki kuchukua fedha za jeneza, tukaambiwa kwamba zilizopo hazifiki nusu ya zile zilizoandikwa katika daftari langu. Ikabidi watu wachangishane upya palepale msibani, mbele ya wageni, na Mama Stefano akakaa na aibu juu ya msiba.

Nilisoma tofauti hiyo kwa sauti. Kisha nikasema, "Mweka hazina ajieleze." Sikusema Zakaria. Nilikuita kwa cheo chako, ndani ya sebule yako, ladha ya maandazi ya mke wako ikiwa bado mdomoni mwangu.

Uliingia chumbani ukatoka na lile kopo la maziwa ya unga ulimotunza risiti za wakala. Kila Jumatatu ulikuwa ukimpelekea wakala michango yetu aiingize benki, na kila mwezi ulizikusanya risiti zake ukazibana kwa pini yako ya ushonaji. Ulizitandaza mezani, na zote zilikuwa nyeupe. Leo najua kwamba karatasi za mashine za mawakala hazidumu, kwamba joto la kwetu huzifuta maandishi hata zikiwa ndani ya kopo. Siku ile hakuna aliyejua. Mama Stefano alicheka kwa uchungu, akasema, "Fundi, hizi ni risiti au ni vipande vya kukatia kola?" Watu nao wakacheka. Wewe ulinitazama mimi peke yangu. Ukasema, "Mwalimu, nilizipeleka zote."

Nikakujibu, "Karatasi tupu si ushahidi."

Sentensi ile haina kosa. Nimeirudia kichwani mara nyingi nikilitafuta kosa lake.

Wiki sita baadaye shinikizo la damu lilikuangusha ukiwa umekaa kwenye cherehani yako kule Mabawa, barazani kwa mwenye duka la vitambaa. Chama hakikuwa na cha kutoa, na baadhi ya wanachama hawakuja kabisa. Sikukuandikia wasifu wa marehemu, ingawa uliwahi kunitania kwamba hata siku ukifa nitasimama kaburini kumsahihisha msomaji. "Nyinyi Wasambaa mmeshuka na baridi ya Lushoto mifupani," ulikuwa ukisema, "mtu analia, ninyi mnahesabu nukta." Wasifu wako aliusoma kijana wa kanisani. Ulikuwa na makosa mengi. Sikusahihisha hata moja. Mwenye duka alifunga duka siku nzima, na yeye, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Bara Hindi, ndiye aliyetoa kitambaa cheupe cha kutandika ndani ya jeneza lako.

Sasa nakuja kwenye usiyoyajua.

Watu walioidhinishwa kutia saini benki tulikuwa watatu: mwenyekiti wetu Mzee Elinami, wewe, na mimi. Mzee Elinami alikuwa ametutoka karibu miaka mitatu kabla yako. Unaijua desturi ya chama chetu. Kiongozi akifariki, jina lake haliondolewi popote wala kitu chake hakiguswi mpaka kaburi lake lijengewe na msalaba usimikwe, na mtoto wake mkubwa ndiye anayekuja kufungua vyote. Mtoto wa Mzee Elinami yuko mbali, na kila mwaka anasema mwakani. Kwa hiyo tulibaki na mwenyekiti wa kaburini, na wewe na mimi tuliona kwamba huo ndio utu.

Ulipofariki na wewe, nikawa nimebaki peke yangu. Benki ikanitaka nipeleke vyeti vya vifo vyenu wawili na muhtasari wa kikao ili nipewe taarifa ya akaunti, ambayo ulipokuwa hai sikufikiria kuiomba. Nikavunja desturi, nikavipeleka. Nilipewa kurasa kumi na nne. Nilikaa nazo kwenye benchi palepale benki, na kalamu mkononi, nikaanza kulinganisha na daftari.

Zilikuwapo zote, Zakaria. Kila Jumatatu yako ilikuwapo. Hata ile Jumatatu ya mvua kubwa uliyonisimulia, ulipovuka maji na fedha ukizishikilia juu ya kichwa ndani ya mfuko wa plastiki, nayo ilikuwapo. Na chini yake, mwezi baada ya mwezi, kulikuwa na mstari mmoja: makato ya uendeshaji. Benki ilikuwa ikitukata kila mwezi kwa miaka miwili. Sisi akaunti yetu ilikuwa ya kikundi, isiyokatwa. Ndivyo tulivyoambiwa siku tuliyoifungua.

Mlinzi alikuja kuniuliza, "Mzee, unajisikia vibaya?"

Nilimwandikia meneja barua tatu. Nilijibiwa moja, kwamba makato yalikuwa halali. Ndipo nikaenda mahakama ya mwanzo, kwa kuwa madai yetu ni madogo na pale mtu hujieleza mwenyewe kwa Kiswahili. Nililipa ada, nikaandika madai kwa mkono wangu, nikayanakili mara tatu. Niliomba mambo mawili: benki irudishe makato yote, na mahakama itamke kwamba mweka hazina wetu, marehemu, hakuchukua kitu. Karani aliyasoma, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hili la pili sijui kama lina mahali pake." Nikamwambia aliache hivyohivyo.

Shauri liliahirishwa mara nne. Nilivaa ile suruali ya kijivu uliyonishonea ukakataa malipo yake, ukisema kwamba unalipa deni la barua nilizokuwa nikimsomea baba yako tulipokuwa vijana Pongwe, yeye akiwa mkata mkonge asiyejua herufi. Kila nilipoivaa nilijiona nimekuja na wewe. Naomba radhi kwa maneno hayo, hayanifai, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya kusikilizwa, benki ilimleta ofisa wake, binti aliyevaa kwa heshima. Aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu. Ulinifundisha darasa la sita." Nilifurahi. Nilidhani ni dalili njema. Nikatoa maelezo yangu, nikazionyesha zile kurasa kumi na nne, na hakimu pamoja na wazee wawili wa mahakama walinisikiliza bila kunikatiza.

Kisha binti yule akasimama. Alisema kwamba benki ilibadili utaratibu wake, ikaviandikia vikundi vyote vithibitishe majina ya viongozi wao ndani ya miezi mitatu. Kikundi kisichothibitisha, akaunti yake ingehesabiwa kuwa ya biashara na kukatwa kila mwezi. Alisema sisi tuliandikiwa. Nikasema hatukuandikiwa. Akafungua daftari la kupokelea barua, akalileta mpaka nilipokuwa nimekaa, akaweka kidole.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Saini hii ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Unaijua saini yangu, hakuna anayeweza kuikosea. Bahasha ilikuwa imeandikwa jina la Mzee Elinami, Mwenyekiti, na ililetwa miezi mitano baada ya mazishi yake. Nikakumbuka mara moja. Nilikumbuka hata mjumbe aliyeileta na pikipiki yake. Nilikuwa nimetia saini, nikaiweka katika sanduku la vitu vya marehemu bila kuifungua, kwa sababu barua ya marehemu hufunguliwa na mtoto wake baada ya kaburi kujengewa. Na nilijiona nimetenda vyema.

Hakimu aliniuliza kama nina la kuongeza. Nilisema sina.

Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye. Benki ilikuwa na haki ya kukata, kwa kuwa ilitoa taarifa na taarifa ikapokewa. Kuna miezi mitatu iliyokatwa mara mbili kwa makosa, na hayo ilitakiwa kuyarejesha. Imeyarejesha. Hayanunui hata mbao za jeneza la mtoto. Kuhusu ombi langu la pili, hakimu alivua miwani, akasema, "Mzee, hapa tunaamua madai ya fedha. Jina la marehemu halikushtakiwa, nasi hatuwezi kulisafisha." Alisema kweli. Aliyelishtaki jina lako ni mimi, na sikulishtaki mahakamani.

Nilirudi nyumbani nikaitafuta ile bahasha. Ilikuwa mahali pake hasa, chini ya miwani ya Mzee Elinami na kitabu chake cha nyimbo. Niliifungua kwa wembe. Ukurasa mmoja, Zakaria. Aya mbili. Ilihitaji saini zetu mbili na jina la mwenyekiti mpya, basi.

Nilikwenda kwa Mama Neema nikiwa na ile taarifa ya akaunti, hukumu, na ukurasa ule. Hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni akafuta mikono kwa khanga, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwalimu, siku ile ulisoma kwa sauti. Nilikusikia mpaka jikoni." Nikamwambia kwamba nimekuja kuomba radhi. Akasema, "Mimi nimekusikia. Wengine je?" Akafunga mlango, taratibu, kama mtu asiye na hasira tena na asiye na kitu kingine pia. Lile kopo lipo dirishani. Amelipandia mchaichai.

Wengine, ndiyo. Chama kimevunjika. Niliitisha kikao mara mbili, mara ya kwanza wakaja watu watano, mara ya pili wawili. Kwa hiyo nimeanza kupita nyumba kwa nyumba na fimbo yangu ya kutembelea. Siku ile sebuleni, ukituondoa wewe na mimi, walikuwapo watu kumi na tisa, majina yao yamo katika muhtasari nilioandika mwenyewe. Nimeshafika kwa kumi na mmoja. Nasimama, nasoma kama nilivyosoma siku ile, kwa sauti ileile, na nataja jina lako kamili na kosa langu. Wengine hunipa kiti. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, hayo yalishapita, mtu mwenyewe ameshazikwa." Wengi hawakumbuki hata kiasi kilichopotea. Wanachokumbuka ni karatasi nyeupe.

Kuna mmoja ambaye sitamfikia. Mama Stefano alifariki mwezi uliopita kwa mwanawe huko Muheza, kabla sijafika kwake. Nilikuwa nimepanga kwenda siku ya Alhamisi. Alizikwa Jumatano. Ameondoka akiamini kwamba fedha za kumzikia mjukuu wake ulizila wewe, na aliyemfanya aamini hivyo ni mimi, na mahakama ya kunipeleka kwa hilo haipo.

Ndiyo maana nimeandika. Mimi si mtu wa kuzungumza na wafu, unanijua, na mchungaji akiiona barua hii atanishangaa. Lakini wewe uko aliko yeye. Ukimwona, mwambie kwamba Mwalimu alisoma vibaya. Mwambie zilikuwapo zote, kila Jumatatu. Akikucheka, mwonyeshe karatasi hii. Nimeiandika kwa wino wa chupa ili isifutike.

Nakuahidi nitawamaliza wale saba waliobaki, wa Pongwe wakiwa wa mwisho kwa sababu ya miguu yangu. Baada ya hapo sina ninachoweza kukuahidi.

Bahasha nimeiamua. Naandika jina lako tu, na ninaiacha wazi.

Buriani, fundi.

Hosea, uliyemwita Mwalimu